Kununua samani Ujerumani: kabla ya kutia saini dukani

Ndugu yangu, umeuliza kama sofa na makabati ya jikoni ununue dukani au mtandaoni utakapohamia Ujerumani. Anza na jikoni, kwa sababu nyumba nyingi za kupanga huko hukabidhiwa bila jiko wala sinki. Muulize mpangaji anayehama kama anauza vyake, kwani wengi huona afadhali kuviuza kuliko kuvifungua na kuvibeba.

Kuhusu sofa, nakusihi usiharakishe. Sheria inakupa siku 14 za kughairi ununuzi wa mtandaoni, isipokuwa kwa samani iliyotengenezwa kwa vipimo vyako, lakini haikupi haki hiyo kwa mkataba uliotiwa saini dukani, hata kama kesho yake rangi haikupendezi. Kwa hiyo soma karatasi yote ya oda, hasa tarehe ya kufikishiwa na gharama ya usafiri, kabla ya kulipa malipo ya awali. Maduka makubwa kama XXXLutz na Höffner hutangaza mapunguzo mara kwa mara. Linganisha bei ya mwisho, usitazame asilimia. Kasoro iliyokuwepo tangu makabidhiano ikijitokeza ndani ya miaka 2, mdai muuzaji mwenyewe, hata akikuelekeza kiwandani.