Ushuru wa mazao getini: tupite mlango upi ili sheria ibadilike?

SWALI: Sisi ni umoja wa vikundi vya wakulima wa alizeti na mahindi mkoani Singida. Tukivusha hata magunia machache kwenda wilaya jirani, getini tunatozwa ushuru. Tumemwandikia mbunge barua mbili na kukusanya sahihi za wanachama, lakini hakuna kilichobadilika. Tufanye nini ili sheria irekebishwe? – Katibu wa umoja

JIBU: Ndugu Katibu, kabla ya barua ya tatu, tafuteni kwanza tozo hiyo imeandikwa wapi. Inaweza kuwa imetoka kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, ambayo ni kazi ya Bunge. Inaweza kuwa imetoka kwenye sheria ndogo ya halmashauri yenu, ambayo lazima iwe na namba ya Tangazo la Serikali (GN). Au imetoka kichwani mwa mkusanyaji. Mwombeni mkurugenzi kwa maandishi awape namba ya GN inayotumika pamoja na jedwali lake la viwango, kisha lilinganisheni na risiti zenu.

Kwa mlivyoeleza, nashuku ni hiyo ya tatu. Mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine nao ukaondolewa ushuru. Someni toleo la sasa kabla ya kunukuu chochote, kwa sababu Sheria ya Fedha hutungwa kila mwaka na mara nyingi hugusa sheria za tozo. Halafu pimeni mzigo kwa mizani, msihesabu magunia. Magunia manane ya kilo 100 ni kilo 800, mko ndani ya tani. Yakifungwa lumbesa, yaani kujazwa kupita kiasi, hadi kilo 130 kila moja, manane hayohayo ni kilo 1,040, na mkusanyaji anapata haki ya kuwatoza. Mkiwa ndani ya tani na bado mnatozwa, hapo sheria haina kosa. Pelekeni malalamiko kwa mkurugenzi yakiwa na risiti, tarehe na uzito, nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa.

Ikiwa tatizo liko kwenye sheria ndogo, mlango ni diwani. Halmashauri inapotaka kutunga au kurekebisha sheria ndogo hutakiwa kuwatangazia wananchi na kupokea pingamizi zao, kisha Baraza la Madiwani hupitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, ndipo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Vikundi vingi hukosea hapa: tangazo hubandikwa ofisi ya kata, siku zinapita, watu wanakuja kulalamika sheria ikiwa imeshasainiwa. Mpeni mtu mmoja kazi ya kupita kwenye ubao wa matangazo kila wiki. Baraza hukutana kwa kawaida kila robo mwaka, na hoja nyingi za mapato hupikwa kwanza kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Diwani akiwa na hoja yenu iliyoandikwa na muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioiunga mkono, ana cha kushika mkononi. Akiwa na sahihi 600 tu, ana huruma yenu na basi.

Kubadili Sura ya 290 yenyewe ni safari ndefu, na inafuata kalenda ya bajeti. Hotuba ya bajeti kuu husomwa katikati ya Juni, Muswada wa Sheria ya Fedha hupitishwa kabla mwezi haujaisha, na viwango vipya huanza Julai 1. Mkisubiri Juni mmechelewa. Mapendekezo ya kodi na tozo hukusanywa na Wizara ya Fedha miezi mingi nyuma, kwa hiyo andiko lenu liwe tayari mavuno yakishaingia ghalani, si mwezi wa Mei. Katiba nayo, Ibara ya 99, inataka pendekezo la kutoza au kubadili kodi litoke kwa Rais na kuwasilishwa na Waziri, isipokuwa la kupunguza. Mbunge peke yake anaweza kusukuma punguzo, lakini bila Wizara kukubali hafiki mbali.

Andiko lisizidi kurasa nne. Kiini chake ni jedwali la safu tatu: kifungu kilivyo sasa, kisomeke vipi, na kwa nini. Safu ya pili ndiyo inayoumiza watu kichwa, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. “Serikali ipunguze mzigo kwa mkulima” si kifungu. “Kwa kufuta neno ‘moja’ na badala yake kuweka neno ‘mbili’” ni kifungu, na mbunge anaweza kukiingiza kwenye jedwali lake la marekebisho bila kuajiri mwanasheria. Ongezeni ukurasa wa hesabu: halmashauri itapoteza kiasi gani, na pengo litazibwa na nini. Msidharau hili. Halmashauri zina jumuiya yao, ALAT, nazo huutetea ushuru huu kwa sababu ni mapato ya ndani. Pendekezo lisilojibu swali la pengo hufia mezani kwa mchumi wa kwanza atakayelisoma.

Mfano mzuri wa nguvu ya kifungu mahususi ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilipendekeza miliki ya juu ya ardhi, yaani umiliki wa mwisho, itoke mikononi mwa Rais, ya vijiji ikae kwa mkutano mkuu wa kijiji, na asasi za ardhi zikalipigania hilo. Halikupita. Makundi ya wanawake yalibana vifungu mahususi: haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na wanawake watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji. Hayo yamo kwenye sheria hadi leo.

Kamati ya Bunge ikiitisha maoni, muda huwa mfupi na Dodoma ina gharama, kwa hiyo tafuteni mwenzenu aliyeko karibu na meza hizo. MVIWATA, mtandao wa wakulima ulioanzishwa 1993 wenye makao Morogoro, ni mmojawapo. Wapeni jedwali lenu na takwimu za Singida. Wao wana mwaliko, ninyi mna risiti.

Jambo moja la hatari: “posho ya mafuta” kwa diwani au mbunge ili asukume hoja yenu inaweza kuhesabiwa rushwa, na TAKUKURU haitauliza kama nia ilikuwa njema.

Kifungu kikipita, chukueni nakala ya sheria au GN, mkate ukurasa husika, mlaminishe, na kila dereva wa mazao awe nao garini. Wakusanyaji wa getini mara nyingi huendelea na kiwango cha zamani hadi mtu awaonyeshe kipya.