Faili ya mwenzangu naisoma lakini kusevu inakataa

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Niko ofisi ya kliaringi hapa Mwembe Tayari, tuna kompyuta kadhaa za Windows na seva ya Linux yenye Samba (programu inayoziwezesha kompyuta za Windows kufungua faili za seva), ndo twaweka invoisi na karatasi za kontena. Sasa mwenzangu akiunda faili mpya mimi naisoma vizuri tu lakini nikiongeza kitu kusevu inakataa, hadi yeye mwenyewe, na akiwa bandarini kazi imelala. Aliyetuwekea seva asema tupige chmod 777, ile amri ya kufungulia kila mtu ruhusa zote, tumalize maneno. Tupige?
Dada wa Invoisi

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Msipige! Hiyo 777 yampa kila mwenye akaunti kwenye seva ruhusa ya kusoma na kufuta, hadi kijana wa atachimenti, na kama nawajua maofisi ya mjini basi mishahara nayo imo humohumo. Tena haiwasaidii, manake inagusa vilivyoko leo tu, kesho mwenzako akiunda faili nyingine mko palepale kwa sababu Samba isipoguswa huunda faili kwa 0744, yaani mwenyewe anaandika, wengine wote wanasoma basi.

Undeni grupu, tuseme kliaringi, mtie watu wa kazi hiyo kwa usermod -aG, na hiyo a ndogo msiisahau jamani, ukiiacha mtu anatolewa magrupu yake mengine yote halafu mnaanza kutafutana. Folda ipeni grupu hiyo kwa chgrp -R, faili za zamani mzipige chmod -R g+rwX,o-rwx (grupu isome na kuandika, wengine wasiguse), kisha folda yenyewe na folda zilizo ndani yake chmod 2770. Ile 2 ya mbele ndo mwenye kazi: kila kitakachoundwa humo kinachukua grupu ya folda, si ya aliyekiunda. Halafu kwenye smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba, chini ya shea yenu (hiyo folda mnayoshiriki), andikeni create mask = 0660 na directory mask = 2770, muanzishe Samba upya, na kila mtu alogauti aingie tena ndo grupu mpya imtambue.

Mishahara itoeni, iwe na folda yake na grupu ya bosi na mhasibu peke yao. Na mkileta faili kutoka folda nyingine ya shea hiyohiyo, kopini, msikate na kubandika, kwa sababu iliyokatwa huja na grupu yake ya zamani na mtaniandikia tena.