Kupungua baada ya kujifungua ukiwa kazini na unanyonyesha: yaliyonisaidia mimi

Hongera kwa mtoto, mdogo wangu. Unasema ana miezi mitano, umesharudi kazini, nguo za ofisini hazipandi, na unataka kujua kama uache kula usiku na kama ile chai ya kukata tumbo inafanya kazi. Mimi si daktari. Ni mhasibu Kariakoo, nakaa Kimara, nina watoto wawili, na wote nilirudi nao kazini nikiwa bado nanyonyesha.

Chai achana nayo. Nyingi ni sanamaki, yaani unaharisha, maji yanatoka, mzani unashuka, kisha ukinywa maji unarudi ulikokuwa. Paketi nyingine hazisemi hata kilichomo, na wewe una mtu anayenyonya.

Chakula cha usiku usikiache. Anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na ukijinyima sana utachoka na maziwa yanaweza kupungua. Kwangu tatizo halikuwa sahani ya usiku, bali yale masaa baada ya chakula cha mchana. Unatoka kazini na njaa, kituoni kuna mihogo ya kukaanga, ukifika nyumbani unaonja sufuria huku unapika, mtoto mkubwa anabakiza wali unaumalizia wewe kwa sababu kutupa chakula ni dhambi. Hapo hujakaa mezani bado! Dawa ilikuwa kula saa kumi jioni nikiwa ofisini: yai la kuchemsha na ndizi, au nusu parachichi, au karanga za kujaa kiganja. Usiku nikawa nakula kama mtu, ugali kiasi, mboga za majani nyingi, maharage au dagaa.

Kingine ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na dada wa kazi alikuwa anamimina kutoka kwenye dumu kwa macho. Tuliongea vizuri tu, tukaweka kijiko maalumu juu ya dumu. Mchuzi haukuharibika.

Na mtori. Mama mkwe wangu ni wa Marangu, kwa hiyo unaelewa. Ukiwa ndani, mtori na supu ya kuku wa kienyeji ni haki yako kabisa, mwili umetoka vitani. Shida ni kwamba arobaini inaisha, bakuli linabaki saizi ileile hadi mtoto anatembea. Sikugombana na mtu, nilihamishia mtori asubuhi ukawa ndio kifungua kinywa chenyewe, bila chapati pembeni.

Mkaja unashika mgongo na unakufanya ujisikie umekazwa, lakini hauyeyushi mafuta. Halafu tumbo lililobaki mbele si lazima liwe mafuta. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha gusa kwa vidole juu ya kitovu. Ukihisi mfereji wenye upana wa zaidi ya vidole viwili, misuli ya katikati imeachana. Usianze mazoezi ya kujikunja, yale ya kulala na kuinuka, unaweza kuzidisha huo mwachano. Tafuta mtaalamu wa fiziotherapia. Mimi nilifundishwa kupumua na kukaza tumbo kutoka chini, mazoezi unayofanya hata mtoto akiwa kifuani.

Sasa muda, ambao ndio unaotushinda wengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiishii kwenye siku 84 za likizo (100 kwa mapacha). Inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi masaa mawili kwa siku. Ofisini kwetu hakuna aliyenitajia. Niliandika barua, tukakubaliana nitoke mapema badala ya kwenda na kurudi mchana. Nikawa nafika kabla ya foleni, nanyonyesha, kisha namfunga mtoto mgongoni tunatembea mtaani jua likiwa limepoa. Siku hizi hanyonyi tena, kwa hiyo nashuka mwendokasi Baruti namalizia kwa miguu hadi Kimara Mwisho. Gym sijawahi kulipia.

Kama ulijifungua kwa upasuaji, kutembea ni sawa, ila kukimbia na kunyanyua vizito subiri kidonda kiangaliwe kwanza. Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na kuna wiki hutapungua kitu, hasa mtoto akiota meno na hamlali.

Hujasema unatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na kama ndiyo yako, ongea na nesi wa kliniki kuhusu kubadilisha kabla hujapunguza tonge. Na kama una uchovu usioisha na unasikia baridi wakati wenzako wanapepea, omba wakupime tezi ya shingo.