Akriliki inabanduka juu ya rangi ya mafuta: ufanyeje

Pole, ndugu. Umesema tangu uhamie Berlin umeanza kuweka akriliki juu ya mandharinyuma ya michoro ya Tingatinga uliyopaka kwa rangi ya mafuta ya kopo, nayo inabanduka vipande vipande. Akriliki ni rangi ya maji. Haishiki kwenye uso wa mafuta unaong'aa. Geuza mpangilio: akriliki chini, mafuta juu.

Tumia hadibodi, si turubai. Rangi ya mafuta hukakamaa inavyozeeka, na kitambaa kikicheza inapasuka. Paka jeso, ile rangi nyeupe ya kuandaa ubao, mikono miwili, yaani tabaka mbili. Kila tabaka likikauka piga msasa namba 220, futa vumbi. Mandharinyuma ya akriliki iache siku nzima kabla ya kuanza madoa ya chui kwa mafuta.

Chumba kiwe na joto. Chini ya nyuzi 10 akriliki haishikani vizuri, hata ikionekana imekauka. Halafu hiyo buluu unayolalamikia kwamba inakoza ikikauka, haina kasoro: gundi ya akriliki ni nyeupe ikiwa mbichi, ikikauka inakuwa wazi kama kioo, ndiyo maana rangi inaonekana imekoza. Ijaribu kwanza pembeni, isubiri ikauke, ndipo uamue.

Na tafadhali, ukifungua thina ya kuzimulia rangi ya mafuta, fungua na dirisha, hata kama nje kuna theluji.