Kitini kwa Kinyozi: Nywele zinaniaga, ninyoe zote?

Mara ya mwisho niligusia upara kwa sentensi moja tu, nikasema anayepungukiwa nywele asione aibu kunyoa zote. Maswali yaliyofuata yamejaza simu yangu kuliko yale ya mitindo yote ya vijana. Nimechagua machache. Nashika mashine hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 19 sasa, na kichwa changu mwenyewe nakinyoa tangu 2014. Najibu kama fundi. Panapotaka daktari nitakwambia uende kwa daktari.

Shikamoo fundi. Nina miaka 33. Pembe za mbele zimepanda na utosini ngozi imeanza kuonekana. Nitajuaje kwamba wakati wa kunyoa umefika? (Dodoma)

Marahaba. Hakikisha kwanza kwamba ni upara wa kawaida. Upara wa wanaume una njia yake: huanzia pembe mbili za paji la uso, au utosini, au kote kuwili, na huenda polepole kwa miaka. Mwisho sehemu hizo hukutana, zikabaki nywele za pembeni tu toka sikio hadi sikio, kama ngata iliyokatwa mbele. Madaktari wana kipimo chake cha hatua 7, na wewe kwa maelezo yako huenda uko hatua ya tatu hivi. Lakini kama nywele zimetoka kwa mabaka ya mviringo mithili ya sarafu, au zimepukutika kwa mkupuo miezi miwili mitatu baada ya homa kali, au ngozi inawasha na kutoa magamba, usianze na mimi. Anza hospitali. Hayo ni mambo mengine, na mengi yanatibika.

Ukishajua ni upara wenyewe, swali linakuwa jepesi: nywele zinakupa kazi kiasi gani? Nina mteja mmoja, mtu mzima wa heshima zake, alikuwa akija kila Alhamisi jioni nimpake piko utosini ili Ijumaa msikitini paonekane pamejaa. Nilikuwa nampaka, kazi ni kazi. Alhamisi moja ya Februari, na joto la Tanga la Februari wenyewe mnalijua, umeme ukakatika na feni ikasimama. Nilipomvua shuka la kunyolea nikakuta michirizi myeusi imeshuka kisogoni mpaka kwenye kola ya shati jeupe. Nikamshikia kioo cha nyuma. Alikitazama kwa muda, halafu akasema, "Fundi, toa zote." Mashine ilikuwa na chaji, dakika sita tukamaliza. Akapitisha kiganja toka paji hadi kisogoni, akarudia, akarudia tena, akaanza kucheka peke yake. (Na piko lenyewe si la kuchezea. Lina kemikali ya rangi iitwayo PPD, na wako watu linawavimbisha uso mpaka macho hayafunguki.)

Kama moyo bado mzito, usiruke moja kwa moja. Nyoa namba moja kote, kaa nazo wiki mbili. Watu wengi hawajui kwamba kinachotangaza upara ni zile nywele za pembeni zilizoachwa zikajaa: giza pembeni, mng'ao juu. Zishushe za pembeni na tofauti inafifia. Wapo wateja wangu walioishia hapo hapo kwenye namba moja, hawakuhitaji kwenda mbele.

Fundi, nikinyoa na wembe si zitaota nyingi na nene zaidi? Ndiyo tunavyoambiwa tangu utotoni. (Kigamboni)

Laiti ingekuwa hivyo ningekuwa tajiri. Wembe unakata unywele tu, shina liko chini zaidi na halina habari. Kinachotudanganya ni ncha: unywele ambao haujakatwa una ncha nyembamba, uliokatwa unatoka na ncha butu, ukiupapasa unaona mgumu. Mtafiti wa Marekani, Mildred Trotter, alilipima jambo hili mwaka 1928 kwa wanaume wanaonyoa ndevu, na hakuona unene wala kasi ikiongezeka. Karibu miaka mia, na bado kuna watoto wananyolewa ili nywele "zishike".

Mimi ni bodaboda. Tangu nianze kuvaa helmeti nywele za mbele zinaondoka. Mwenzangu kijiweni anasema upara unarithiwa kwa mjomba. Nani mkweli kati ya helmeti na mjomba? (Morogoro)

Mjomba yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa asibebeshwe lawama zote. Mwili wa mwanaume hutengeneza homoni iitwayo DHT kutokana na testosteroni. Kwa waliorithi, vinyweleo vya mbele na utosini vinasumbuliwa na homoni hiyo, vinasinyaa, na kila unywele unaoota unakuwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia mpaka unabaki kama malaika. Vya pembeni na kisogoni haviathiriki, ndiyo maana ngata inabaki. Jeni (chembe ya urithi) moja muhimu katika habari hii unaipata kwa mama, hivyo kumtazama mjomba si ujinga. Ila ziko nyingine nyingi, na zinatoka pande zote mbili. Mtazame na baba pia.

Helmeti haileti upara huo. Vaa. Inachoweza kuleta, hasa ile ya abiria inayopita vichwa 20 kwa siku, ni mapunye. Ipanguse ndani, ianike juani, na wewe uwe na yako peke yako.

Nilinyoa kipara kwa wembe mara tatu. Kila mara kisogoni natoka vipele vigumu, sasa vingine vimekuwa kama vinundu. Nabadilisha sabuni kila wiki bila mafanikio. (Mombasa)

Ndugu yangu, acha sabuni, weka chini wembe. Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu asome, hata mwenye nywele zote.

Nywele zetu ni za kujikunja. Ukizikata kwa wembe mpaka chini ya usawa wa ngozi, ule unywele unapoanza kuota tena na ncha yake kali unajipinda na kuingia ndani ya ngozi badala ya kutoka nje. Mwili unauchukulia kama mwiba. Pale panavimba, panatunga kipele. Ukinyoa tena juu yake unakata kichwa cha kipele na kuutia unywele mwingine ndani. Kwa baadhi yetu ngozi ya kisogoni ina tabia ya kuweka kovu kubwa kuliko kidonda. Vipele vinakauka, vinaungana, vinakuwa kinundu kigumu ambacho nywele hazioti tena juu yake. Nimeona vinundu vya upana wa vidole vitatu. Fundi aliyeendelea kuvipitishia wembe ndiye aliyevilea.

Wanaume tunaowaona kwenye televisheni na vichwa vinavyong'aa kama yai, wengine nywele zao zimenyooka na wembe hauwasumbui. Kwetu kipara kizuri ni cha mashine. Mashine ziro, bila kichana, inaacha nywele chini ya milimita moja. Mtu aliyekaa hatua mbili kutoka kwako haoni tofauti, na unywele hauzami. Hiyo ndiyo sera yangu: mteja akitaka wembe kichwani namuuliza kwanza kama ndevu humtoa vipele, namgeuza nitazame kisogo, na nikiona hata viwili simnyoi na wembe hata akiongeza hela. Wengine wamenihama kwa hilo. Sawa tu.

Wewe mwenye vinundu tayari: usinyoe kisogoni kabisa kwa sasa, acha nywele ziote hata kidogo. Usivikune, usivitumbue, epuka kola na kofia zinazosugua hapo. Halafu nenda kwa daktari wa ngozi. Wana dawa za kupaka, za kumeza, na sindano ya kupunguza kinundu. Kikiwa kidogo kinatibika kwa urahisi zaidi kuliko kikishakomaa.

Na kwa kuwa tumetaja wembe: mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7, hata kwenye tone la damu lililokauka ambalo hulioni. Mashine nayo ipigwe brashi nywele zitoke kwanza, ndipo meno yapakwe spiriti na kuachwa yakauke. Spiriti iliyomwagwa juu ya manyoya ya mteja aliyetangulia ni maigizo.

Kabla sijanyoa nataka kujaribu dawa. Kuna mafuta nimeuziwa mtaani kwa hela nyingi, wanasema yana kitunguu na miti shamba. Yanafanya kazi? (Mwanza)

Mafuta hayo siyajui, na aliyekuuzia sidhani kama anayajua. Dawa zenye ushahidi kwa upara wa kiume ni chache. Ya kupaka ni minoxidil. Ilianza kama dawa ya presha, madaktari wakaona wagonjwa wanaota nywele, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha ya kupaka kichwani. Ya kumeza ni finasteride, iliyoidhinishwa huko huko kwa upara mwaka 1997. Hii inapunguza ile DHT. Zote zinataka miezi kadhaa kabla hujaona kitu, zinasaidia zaidi kubakiza nywele zilizopo kuliko kurudisha zilizokwenda, na ukiacha, faida inaondoka nazo. Wiki za mwanzo za minoxidil nywele zinaweza hata kuzidi kukatika, wengi hukata tamaa hapo. Finasteride kwa baadhi ya wanaume hupunguza hamu ya tendo la ndoa, na mama mjamzito hatakiwi kushika vidonge vyake vilivyovunjika. Kwa hiyo mpitie daktari, usinunue kwa kuoneshwa picha ya kabla na baada.

Mimi nilipaka minoxidil miezi minane. Ilisaidia kidogo utosini. Nikaja kuhesabu gharama ya kupaka mpaka uzeeni nikaona bora mashine, ambayo ninayo bure.

Kaka, nawe usitusahau wanawake. Nina miaka 41, nywele za pembeni na mbele zimekwisha kwa kusuka rasta za kubana. Nikinyoa watanionaje? (Arusha)

Dada, sijakusahau, ni wateja wangu wa asubuhi mapema kabla wanaume hawajajaa. Kunyoa si dawa ya tatizo hili, ila kunafanya kile ambacho dawa yake inataka: kuacha kuvuta. Nywele zilizotoka kwa kubanwa zikiwahiwa huota tena. Zikivutwa miaka mingi kinyweleo hufa na ngozi inabaki laini na kavu. Kama bado unaona vinywele vyembamba pembeni, matumaini yapo. Nyoa, kaa mwaka bila rasta wala wivingi, uone. Kama nywele zinaisha kuanzia katikati ya utosi na panauma au panachoma, hiyo ni habari tofauti, muone daktari wa ngozi mapema maana huacha kovu.

Watakuonaje? Wengi wetu tuliosoma shule za serikali tuliwaona dada zetu wamenyolewa miaka yote ya shule na hakuna aliyewashangaa. Vaa hereni.

Nikinyoa ghafla, kijijini wataniuliza nimefiwa na nani. Mama yangu ni mtu wa presha. (Newala)

Mpigie simu kabla hujafika. Usicheke, nimeshuhudia mzazi anaanza kulia stendi. Kwetu kichwa kilichonyolewa kina maana nyingi: wengine hunyoa baada ya mazishi, mahujaji hunyoa wakikamilisha ibada, mtoto hunyolewa siku ya saba kwa akika. Mama hawezi kukisia ni ipi. Kuhusu mzaha kwamba kipara ni hela, uchukulie kama mzaha, ila ujue kuna waliouamini vibaya: mwaka 2017 polisi wa Msumbiji walilazimika kuwatahadharisha wanaume wenye vipara baada ya baadhi yao kuuawa mkoani Zambezia, kwa imani kwamba vichwani mwao mna dhahabu.

Kichwa changu kina kovu refu la utotoni na nyuma ni bapa. Nitatisha? (Tabora)

Siku tatu za kwanza utajitisha mwenyewe kwenye kioo, na pale palipokuwa na nywele pataonekana peupe kuliko uso kwa sababu hapajazoea jua. Wiki mbili rangi inalingana. Jua la mchana lisikupate kavu: kofia, au losheni ya kukinga jua. Kwa mwenye ualbino hilo ni lazima, kofia pana kila siku. Kovu hakuna anayelitazama kama unavyolitazama wewe. Fuga ndevu kidogo kama unazo, macho ya watu hushuka chini.

Nywele zangu zimebaki nusu. Kwa nini kinyozi wangu ananitoza bei nzima? (Tanga, hapa hapa)

Sauti ya swali hili naijua. Kipara hakina nywele za kuficha kosa, mkono unatakiwa mwepesi mara mbili, na wewe unadai na taulo la moto. Bei ni ile ile. Njoo Jumanne, hakuna foleni.