Kuuza viungo Norway ukitokea Sweden

Dada, umeuliza kama uraia wako wa Sweden unatosha kufungua duka la viungo Oslo, ilhali Norway haimo katika Umoja wa Ulaya. Kwa upande wako wewe, unatosha. Norway, Iceland na Liechtenstein zimo ndani ya soko la pamoja kupitia mkataba wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, ulioanza kazi 1994, kwa hiyo kuishi, kufanya kazi na kufungua biashara ni haki yako.

Mzigo ndio wenye shughuli. Norway haimo katika umoja wa forodha wa Ulaya, ambamo bidhaa huvuka mipaka ya nchi wanachama bila ushuru, na kilimo chake kwa sehemu kubwa kimebaki nje ya mkataba. Gari likifika Svinesund, mpakani mwa Sweden na Norway, na katoni za iliki, lazima utoe tamko la forodha na ulipe kodi ya ongezeko la thamani, 15% kwa vyakula. Tena karafuu za Zanzibar hazigeuki kuwa bidhaa za Ulaya kwa kupitia ghala la Gothenburg. Forodha huangalia asili yake. Nakusihi, tafuta wakala wa forodha kabla hujalipia pango la duka.