Kutafuta hitilafu katika gari ulilolijenga mwenyewe

Gari la kiwandani likiharibika, fundi huanza kwa kujiuliza ni kitu gani kimechakaa. Gari ulilolijenga mwenyewe kwa vipuri vya magari mengine linapoharibika, swali hilo halitoshi, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba hakuna kilichochakaa, ila kuna kitu ambacho hakijawahi kuwa sawa tangu siku ulipokifunga. Nilichelewa kuitambua tofauti hiyo, na kuchelewa kwangu kulinigharimu stata moja nzima, betri moja na Jumamosi nyingi ambazo sikuzifurahia.

Gari langu ni bodi ndogo ya zamani ambayo nimeitia injini ya silinda nne yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) iliyotolewa katika gari jingine, tangi la mafuta lililotoka katika gari la tatu, na nyaya nilizozitandika upya kwa mikono yangu. Hakuna kitabu cha mtengenezaji kinacholijua gari hili. Nilipolimaliza lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi, lakini likishapata moto stata ilizunguka kwa uzito, kana kwamba betri inakaribia kufa. Nilidhani stata imechoka, nikaibadilisha, na hali ikabaki ileile. Nikabadilisha betri, nikapata nafuu ya siku mbili. Siku ya tatu nilimwomba kijana wangu apige stata huku mimi nimeinama juu ya injini, nikashika kwa bahati mbaya kebo inayotoka kwenye pedali ya mafuta kwenda kwenye kabureta, nikaungua vidole.

Kebo ya mafuta haina sababu yoyote ya kuwa ya moto, na ndiyo iliyonifundisha zaidi ya vipuri vyote nilivyokuwa nimenunua. Stata hunyonya umeme mwingi, aghalabu zaidi ya ampea 100, na umeme wote huo ni lazima urudi kwenye nguzo hasi ya betri. Injini imekalia raba ambazo hazipitishi umeme, kwa hiyo huwekwa waya mnene wa kuiunganisha na bodi. Waya huo nilikuwa nimeufunga, tena kwa nati mpya, lakini niliufunga juu ya rangi ambayo nilikuwa nimeipaka kwa uangalifu mkubwa na kujivunia. Rangi haipitishi umeme. Umeme wa stata, ulipobanwa pale, ukatafuta njia nyingine ya kurudia nyumbani, ukaipata kebo nyembamba ya mafuta na kuipasha moto kama waya wa jiko la umeme.

Kipimo ambacho kingenionyesha kosa hilo siku ya kwanza huchukua dakika mbili. Chomoa waya wa koili (inayozalisha umeme wa cheche) ili injini isiwake, weka multimita, yaani kipimo cha umeme, kwenye volti za umeme wa betri, gusa nguzo hasi ya betri kwa ncha moja (nguzo yenyewe, si klipu iliyoishika) na chuma kitupu cha injini kwa ncha nyingine, kisha mtu apige stata kwa sekande chache. Njia ya kurudi ikiwa safi, kipimo hakipaswi kuzidi sehemu mbili au tatu za kumi za volti. Changu kilisoma zaidi ya volti 3, maana yake ni kwamba robo ya nguvu ya betri ilikuwa ikipotea kabla ya kufanya kazi yoyote. Nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikarudisha waya, nikapaka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa ili kutu isiingie, na stata yangu ya zamani niliyokuwa nimeitupa pembeni ikarudi kazini bila tatizo.

Tangu siku hiyo, hitilafu yoyote ya umeme naianzia upande wa kurudi. Wengi wetu hufuata waya mwekundu kwa bidii, kutoka betri hadi fyuzi, kutoka fyuzi hadi rilei, tukasahau kwamba nusu nyingine ya safari ni bodi lenyewe. Ni vizuri pia kuzikariri namba tatu za betri: volti 12.6 ikiwa imejaa na imetulia, kati ya 13.8 na 14.5 hivi injini ikiwa inanguruma na alternata inachaji, na si chini ya 9.6 hivi wakati stata inazunguka. Namba hizo zikiwa sawa, iache betri ipumzike na utafute kosa kwingine.

Kisa cha pili kilikuwa cha mafuta, nacho kilinitesa kwa sababu dalili zake zilikuwa za kabureta hasa. Gari lilikwenda vizuri kwa robo saa, kisha likaanza kukohoa na kuzimika kama lililoishiwa petroli. Nikisubiri dakika kumi, linawaka na kuendelea kana kwamba halikuwahi kuugua. Niliifungua kabureta mara mbili, nikasafisha vitundu vyake vyote, nikarekebisha kielea. Halafu nikalifungua daftari langu, ambamo wakati wa kujenga niliandika kila kipuri kilikotoka, nikakuta mstari huu: "Kifuniko cha tangi kimetoka kwenye gari la kisasa zaidi, kinakaza vizuri sana."

Kilikaza vizuri mno. Tangi langu ni la zamani na hupumua kupitia kifuniko chake, ilhali magari mapya zaidi hupumua kupitia bomba jingine na vifuniko vyake vingi havina tundu la kupumulia. Kila tone lililotoka liliacha ombwe nyuma yake, mpaka pampu ikashindwa kuvuta. Gari lilipozimika mara iliyofuata nilikifungua kifuniko pale pale barabarani, nikasikia hewa ikiingia kwa mluzi, na gari likawaka papo hapo. Nilitafuta kifuniko chenye tundu la kupumulia kilichotengenezwa hivyo. Kutoboa kile kilichozibwa kwa msumari ni kukaribisha petroli imwagike kila unapokata kona.

Visa hivyo viwili vina baba mmoja, nami ninashauri uanze naye: chochote ulichokigusa, kukiunga au kukibadilisha wewe mwenyewe ndicho mshukiwa wa kwanza, hata kama ndicho kipya kuliko vyote. Ndiyo maana daftari lina thamani kuliko seti nzima ya spana. Andika rangi ya kila waya na unakokwenda, ukubwa wa kila fyuzi, umbali wa platini (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche itoke), mahali kila kipuri kilikotoka, na tarehe ya kila badiliko. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, jaribu, andika, kisha ndipo uguse kingine. Ukibadilisha plagi, koili na taimingi (wakati wa cheche kutoka) katika alasiri moja na gari likapona, hutajua ni nini kilichokuwa kibovu. Na likizidi kuugua, hutajua pa kurudi.

Lipime gari likiwa bado linaumwa. Hitilafu inayotokea likiwa la moto haitajionyesha asubuhi ya kesho, kwa hiyo beba vifaa na uchunguze pale lilipozimika. Ondoa kifuniko cha filta ya hewa, chungulia ndani ya kabureta huku ukivuta kebo kwa mkono: ukiona mafuta yakirushwa, kabureta ina petroli, na mshukiwa anakuwa cheche. Kisiporushwa kitu, rudi nyuma kwenye pampu, mabomba na tangi. Uchunguzi huo unakupunguzia nusu ya kazi. Usisahau lakini kwamba injini iko moto na petroli iko wazi. Sigara ikae mbali, na kizima moto kiwe karibu.

Kabureta husingiziwa mengi. Kabla ya kuigusa, hakikisha nafasi za valvu ziko sawa, plagi ni safi, platini zina umbali sahihi na taimingi imewekwa, kwa utaratibu huo huo, kwa sababu kila hatua inategemea iliyotangulia. Kabureta huja mwisho. Injini ikiendelea kumisi silinda moja, pima mgandamizo wa silinda zote nne: silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni ndizo zilizochoka. Kikibaki palepale, shuku valvu au gasketi ya silinda hedi. Hapo hakuna ufundi wa bisibisi utakaosaidia.

Kujenga kwa bajeti ndogo kunaruhusu vipuri vikuukuu karibu kila mahali, lakini kuna sehemu ambazo sikubali kubana matumizi. Mipira ya breki na ya mafuta nainunua mipya, na ya mafuta iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, maana mpira wa maji huyeyuka polepole ukaja kupasuka juu ya ekzosi. Mafuta ya breki nayabadilisha, kwani hunyonya unyevu wa hewani: mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake cha chini hushuka hadi 155. Siingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kukaza nati moja. Na fyuzi hailindi redio wala taa, inalinda waya. Anayeweka fyuzi kubwa kwa sababu ndogo inaungua kila mara ameugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi.

Juzi geji ya joto imeanza kupanda kila ninapowasha taa kubwa na kushuka ninapozizima, ingawa maji ya rejeta hayajachemka hata kidogo. Sijanunua geji. Nimefungua daftari, nikakuta kwamba waya wa kurudi wa dashibodi niliufunga kwa skrubu kwenye kipande cha chuma kilichopakwa rangi ileile, na jioni hii nitakuwa chini ya usukani nikiwa na msasa.